Ndoo ya Mifupa

Njoro, Jumanne

Kwa dadangu Nakhumicha,

Pokea salamu nyingi. Natumaini huko Lanet mmeamka salama na mgongo wa Mama umetulia. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inanisumbua, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Ulitaka kujua yaliyompata mchumba wako Kosgei Alhamisi. Chanzo ni kazi yetu ya maabara. Anachunguza seli shina, zile zinazotengeneza damu ndani ya uboho wa mfupa. Husema seli hiyo haijiamulii mambo: seli jirani ndizo huiambia ilale, iamke au igawanyike, na ikikaa kati ya majirani wagonjwa, nayo huharibika. Kuwaona majirani hao tunahitaji mifupa mibichi, kwa hiyo tulienda kichinjioni kuchukua ya mbuzi.

Tukirudi, nilibaki nyuma nikinunua mandazi. Ndoo ikamponyoka sokoni, mifupa ikamwagika, na mama mmoja akapiga mayowe kwamba ni ya watoto. Kosgei alipoanza kueleza habari za seli, watu wakamtandika teke la tumbo. Walimpiga rungu mpaka taya likalegea, wakamkanyaga vidole. Mmoja akaitisha petroli. Damu ilimtoka masikioni, dada, na watu wanacheka! Watu wale wale wanaotuuzia viazi.

Polisi walipiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Ndipo ukalia kwenye simu ukinishukuru, ukamwambia Mama nimemwokoa.

Sikumwokoa. Kabla polisi hawajafika, jamaa mmoja aliona gambuti zangu nyeupe, viatu vya mpira tulivyovaa kichinjioni, sawa na za Kosgei, akauliza kama tuko pamoja. Nikasema simjui. Akanipa jiwe, akaniambia nithibitishe. Nikarusha. Kisha nikaokota la pili, ambalo hakuna aliyeniomba nirushe, na hilo ndilo lililompasua jicho.

Madaktari wameshindwa kuliokoa. Kosgei amewaambia polisi hakumtambua yeyote. Alinitambua, Nakhumicha. Aliita jina langu nilipoinua mkono.

Nikimaliza barua hii naenda kituoni kusema mwenyewe. Tafadhali usiniombee msamaha kwake.

Msalimie Mama, umkande mgongo kwa maji moto jioni. Siku ya harusi yenu, kiti changu mpe mtu mwingine.

Ni mimi ndugu yako,
Nyongesa