Ujumbe Niliouacha Bila Kufuta

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na tumbo halikulemei sana sasa kwa kuwa uko kwa Mama. Mwambie namsalimu, na akuache ulale. Sisi huku tuzima, ila tumechoka. Nikirudi kazini nakaa kitandani na viatu miguuni, nasahau hata kuvivua.

Tangu Shemeji aniombee kazi chini yake, katika chumba cha kompyuta cha hospitali, shughuli yangu ya asubuhi ilikuwa moja. Seva, ile mashine inayotunza mafaili ya wagonjwa, ina taa mbele. Ikiwa nzima, taa huwa ya bluu. Kifaa chake kimojawapo kikiumwa, taa huwaka rangi ya machungwa na mashine huandika ujumbe. Shemeji alinifundisha kufuta ujumbe ili bluu irudi kabla meneja hajapita. Nilipouliza kama tusingetibu kwanza ugonjwa wenyewe, alicheka, akasema Bubu leo kapata ulimi.

Lakini ujumbe ulikuwa ule ule, na kila tulipoufuta ulirudi upesi zaidi. Ulisema kijiti cha memori, kile kipande kinachoshika kumbukumbu za mashine ikiwa kazini, kwenye tundu la tatu kinakosea, kisha kinajisahihisha. Siku tulipozima mashine kuipangusa vumbi, nilimwomba tukihamishie tundu jingine. Tulipowasha, ujumbe ukakifuata huko huko. Basi ubovu ulikuwa wa kijiti, si wa tundu. Shemeji akaacha kucheka. Alisema polepole kwamba alishamhakikishia meneja mashine ni nzima, na akiomba kijiti kipya sasa ataonekana mwongo. Tuvute siku.

Najua amekueleza kwa simu kwamba kuna mtu alimchongea, ndiyo maana kahamishiwa stoo. Dada, mtu huyo ni mimi. Asubuhi moja baada ya hapo sikufuta. Niliogopa siku kijiti kitakaposhindwa kujisahihisha, seva izime ghafla daktari akiwa anatafuta faili la mgonjwa. Meneja alisimama mbele ya taa, akauliza ni nini. Shemeji alinitazama, akijua sitafungua mdomo. Nikasema, “Kijiti kimeharibika. Tumekuwa tunafuta ujumbe tu.”

Kijiti kipya kikawekwa. Nikafuta ujumbe kwa mara ya mwisho, na mpaka leo haujarudi.

Shemeji bado hunifunikia chakula nikichelewa, ila haniiti tena Bubu. Alikuwa amesimama pale pale niliposema, lakini kwako hajanitaja. Ananisitiri, Dada, na hilo linanichosha kuliko kazi. Ukirudi na mtoto ukaona nihame, nitahama. Ila usimfokee kwa ajili yangu.

Lishike tumbo hilo kwa niaba yangu, na Mama umpe salamu zangu zote.

Mdogo wako akupendaye,
Bubu