Ulisema Tukurudishie

Baba,

Yule panya amesogeza mguu. Yule mweupe mwenye sikio lililokatika, uliyekuwa ukimwita Bwana Mkubwa bila hata kumwona. Jana asubuhi nilimtoa kizimbani kumpima, na mguu wa nyuma, ule aliokuwa akiuburuta tangu uti wa mgongo wake uumie, ukajikunja wenyewe. Wenzangu wa maabara wakapiga makofi. Mimi nikatoa simu nikupigie. Jina lako lilikuwa tayari liko mbele ya macho yangu, Baba, ndipo nikakumbuka.

Kila jioni ulikuwa unaniuliza kabla sijavua viatu: "Ee, Zuhura, panya wako leo ametembea?" Tangu Mama atutoke, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Sasa naingia, navua viatu, nyumba kimya. Napika wali kidogo na bado unabaki. Juzi nilijiuliza mwenyewe kwa sauti, nikajijibu, "Apana, bado." Najua ungenicheka mpaka ukohoe.

Lakini sikuandikii habari za panya tu. Kuna jambo lako lilinichoma, na sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka hospitali, kabla ya upasuaji. Maumivu yanakutoboa kutoka tumboni hadi mgongoni, umekonda, ovaroli yako ya garaji imekuwa kama gunia mwilini. Muuguzi akakuuliza mbele za watu unakunywa pombe gani na kwa kiasi gani. Wewe! Wewe ambaye hata urwarwa, ile pombe ya ndizi ya harusi za majirani, hukuwahi kuuonja. Ulicheka kidogo, halafu ukageukia ukutani. Kwa hiyo Dokta Esperansi, mkuu wetu wa maabara, alipokuja kukueleza kwamba, mbali na panya, tunachunguza pia kwa nini kongosho za watu wasiokunywa nazo zinaharibika, na akakuomba kile kipande cha kongosho yako kitakachokatwa, hukumwacha amalize. "Mukichukue," ulisema. "Mukifungue, mukiangalie vizuri, halafu munirudishie." Tulicheka sote. Nilidhani ni utani wako wa siku zote.

Ukaondoka kabla kidonda hakijafunga. Matanga yalipokwisha, Baba Mdogo Rajabu akanivuta pembeni. "Kaka yangu mumemuzika nusu?" Akasema Mwislamu anarudi udongoni na kila kilicho chake, si nusu kaburini, nusu ndani ya chupa kama pilipili ya dukani. Nikamwambia ulikitoa mwenyewe kwa moyo wako. Akaniangalia. "Alisema yeye, ao ni weye na kazi yako?"

Neno hilo, Baba! Walioyasikia maneno yako ni mimi na Dokta, na Dokta si ndugu yetu. Tangu siku ile Baba Mdogo akaacha kuitikia salamu zangu. Idi ilifika, sikuitwa kwake. Nilivaa nguo mpya, nikala sambusa za dukani peke yangu, mlango wazi, labda mtu angepita. Hakupita mtu.

Dokta naye akaniambia hajakigusa, anangoja neno langu. Nikikirudisha bila kuchunguzwa, Baba Mdogo atapoa, lakini swali la yule muuguzi litabaki juu ya jina lako. Nikikiacha, nampoteza ndugu niliyebaki naye. Nilikuwa nikipita mbele ya friji la maabara kilimohifadhiwa, nageuza uso.

Jumamosi moja nikaenda garaji mliyokuwa mkifanya kazi wote wawili, kule mtaa wa Asiatique, nimwombe tu Baba Mdogo anisikilize. Nikamkuta anamaliza taksi ya mtu. Pampu mpya ya maji imeshafungwa, na ile ya zamani ameishika mkononi, anaifuta grisi. Akamwonyesha mwenye taksi kwa kidole: "Ona, ni hapa ilipasukia." Kisha akaizungushia gazeti, akampa. Pampu mbovu, ya kutupa! Yule bwana akaipokea bila kujua aipeleke wapi, kama walivyokuwa wakizipokea zako. Maana hukuwahi kumtupia mtu kifaa chake. Unafungua, unaangalia, unamwonyesha mwenyewe kilichokiua, unamrudishia.

Ndipo nikaelewa lile "munirudishie". Hukuwa unatania, Baba.

Nikamsimulia Baba Mdogo maneno yako yote, na lile la mwisho ambalo sikuwa nimemwambia kwa kuliona mchezo. Akakaa juu ya tairi. Akalia waziwazi, wateja wanamtazama. Akasema hayo hayawezi kutungwa na mtu, hiyo ni sauti ya kaka yake kabisa. Halafu akafuta uso kwa kitambaa cha grisi, akaniambia, "Basi mumuangalie. Lakini mumurudishe."

Nilikikata mwenyewe, vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, nikavilaza kwenye vioo vya hadubini. Kilichobaki tulikizungushia kitambaa cheupe, nikakipakata njia nzima mpaka makaburini. Pale nikasimama mbali, kama sisi wanawake tunavyosimama. Baba Mdogo akageuka. "Njoo hapa. Ni weye umemuleta." Tukakufukia pamoja kwa mikono. Hivyo vilivyo kwenye vioo alikubali vibaki, akasema ni kama mafuta yanayobaki kwenye vidole vya fundi.

Sasa ananisalimia. Ijumaa ananiletea chakula, anakaa kidogo, anazungumza habari za magari, anaondoka. Nashukuru sana. Lakini akishafunga mlango naikosa sauti yako, nakukosa, Baba, na sijui ukiwa huu wote niuweke wapi.

Vioo vyako viko mezani kwangu. Naviangalia kwa hadubini kila nikipata nafasi, na bado sijui. Naona palipokakamaa, naona vijiwe, sioni kilichoanzisha. Labda itachukua miaka. Ila wewe hukumrudishia mtu kifaa bila kumwonyesha palipopasukia, na mimi nimekurudishia kimya kimya, nikaondoka. Nakuahidi nitakuja tena pale kaburini. Nitachuchumaa, nitakuonyesha kwa kidole: ona, Baba, ni hapa. Na nitasema kwa sauti, wasikie na wanaopita, kwamba haikuwa pombe.

Mungu akupe raha huko uliko. Bwana Mkubwa bado hajatembea.

Mwanao,
Zuhura