Swali Ambalo Baba Alikuwa Haniulizi

Ijumaa, baada ya Alasiri. Jang'ombe.

Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha joto la kunata. Nimekaa ukumbini na feni inazungusha joto lile lile. Tumbo langu tangu jana halitaki kitu isipokuwa chai ya rangi. Kesho nafanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi.

Kinachonitokea mwilini nakijua. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inaondoka tumboni inakimbilia kwenye misuli. Nimeyasoma yote hayo, na kuyajua hakujanituliza hata kidogo.

Wiki nzima sijaandika humu. Ilikuwa wiki ya kurejea masomo, lakini yaliyotokea hayakuwa masomo tu, na nisipoyaandika leo naona kesho yatakaa baina yangu na karatasi ya maswali.

Baba yangu ni fundi cherehani. Anashona kanzu katika kiduka kidogo Mji Mkongwe, kwenye njia za ndani ambako wageni hupita wakiwa wamepotea. Yeye na mama waliachana nikiwa mdogo. Mama yuko Paje na mumewe, analima mwani, na mimi nimelelewa na baba hapa Jang'ombe. Nyumbani tuko wawili tu. Basi nilipoanza kurejea biolojia, mtu wa kuniuliza maswali alikuwa yeye.

Mtihani unafanywa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba ni cha kuuzia kanzu. Lakini mimi jambo huwa silifahamu mpaka niliseme kwanza kwa Kiswahili. Nikakata maboksi ya vitambaa, nikatengeneza kadi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kila mchana nilimpelekea chakula dukani, akimaliza kula anashona huku ananiuliza.

Ni mwalimu mkali. Nikikosea hanisahihishi. Anaichomeka kadi katikati ya nyingine, na baada ya muda inanirudia. Vena na ateri zilinirudia mpaka mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kanzu yake akazihifadhi kabla yangu.

Mlango wa kitabu unaohusu uzazi tuliupita kimya kimya. Alifika kwenye kadi ya kwanza, akakohoa, akanipa fungu zima. Akasema hizo nijiulize mwenyewe, kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu kama mtu aliyechelewa safari. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Ndiyo maana Jumatatu sikushituka. Tulikuwa kwenye homoni. Tezi ya shingoni aliniuliza, nikajibu. Akachukua kadi iliyofuata, akaisoma kimya, akaiweka chini kabisa ya fungu. Na iliyofuata, nayo chini. Nikadhani tumeingia tena kwenye mambo ya kike na anaona haya. Nikanyamaza, nikamsitiri.

Siku hiyo alinipa sindano nimtungie uzi. Alisema macho yangu bado mapya. Nilimtungia kadhaa, nikaondoka nimefurahi kwamba na mimi nina faida dukani.

Jumanne mteja alirudisha kanzu. Mshono wa kifuani ulikuwa umekwenda upande, na baba hajawahi kurudishiwa nguo tangu nipate akili. Mteja alikuwa mstaarabu, alisema labda cherehani ina kasoro. Baba akaipokea, akaomba radhi, akanywa chupa nzima ya maji, akatoka kwenda chooni msikitini, ambako alikuwa ametoka muda mfupi tu nyuma.

Nikabaki peke yangu. Nikazishika kadi nikaanza kuzichanganya, na ile ya chini ikaja juu.

Ni maandishi yangu mwenyewe. *Kongosho likishindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili usipoitumia vizuri, mtu ataona dalili gani?* Nikaigeuza. *Kiu isiyokatika. Kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kukonda. Uchovu. Macho kuona ukungu.*

Niliitazama ile kanzu juu ya meza. Nikaitazama chupa tupu.

Baba alirudi, akaiona kadi mkononi mwangu, akakaa kwenye kiti chake taratibu.

"Tangu lini, baba?"

Hakujifanya hakunifahamu. "Kiu ilianza kabla ya Ramadhani. Jina lake nimelijua kwako."

"Kwangu?"

"Kadi zako huwa nazisoma kabla hujaja, nisije nikatamka vibaya. Nilipofika hiyo, nikajiona. Umeandika vizuri, mwanangu. Nimefahamu mwanzo mpaka mwisho."

Sijapata kusifiwa nikaumia namna ile.

Nilimwambia tufunge duka twende akapimwe. Akakataa. Akasema maradhi yaliyosubiri tangu kabla ya Ramadhani yatasubiri mpaka nimalize mtihani, kwamba ananijua, nikisikia neno baya nitafunga vitabu. Kisha akamtaja Ami, kaka yake wa Paje, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari mpaka akakatwa mguu. Alianza kusema jinsi ilivyokuwa, akaishia katikati, akaichukua kanzu iliyorudishwa akaanza kuifumua. Hapo nikafahamu kwamba mtihani wangu ulikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa peke yake. Baba alikuwa anaogopa.

Na mimi je? Mimi ninayetaka kumtazama mtu nisiyemjua nikatambua anaumwa nini, nimekaa mbele ya baba yangu kwa miezi sikuona kitu. Alipolalamika kiu nilisema ni joto. Nikamnunulia soda.

Soda, kwa mkono wangu.

Jumatano asubuhi, wakati wa chai, nilimwambia kama haendi kupimwa basi na mimi sifungui kitabu mpaka Jumamosi. Haikuwa adabu, na sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia. Aliweka kikombe chini. Nilidhani atanifukuza mezani.

"N'takwenda," alisema. "Lakini waseme watakalosema, Jumamosi unakwenda kwenye mtihani. Hata wakinilaza."

"Insha'Allah."

"Insha'Allah ya kukusudia, si ya kunikimbia."

Nikakusudia. Au nilidhani nimekusudia.

Kituo cha afya kilikuwa na watu, lakini zamu yetu haikuchelewa sana. Muuguzi aliyetupokea ni mtu mzima, Bi Salma, mwenye sauti ya chini ambayo inakufanya na wewe ushushe yako. Alimwamkia baba, akamkalisha, akamuuliza kuhusu kiu, kuhusu mkojo, kuhusu uzito. Kila alichonificha mimi alimwambia yeye bila kusita. Akamtoboa kidole, tone la damu likaingia kwenye kimashine.

Namba ilipotokea niliielewa kabla hajaisema. Miguu ikaniisha nguvu. Ikabidi nikalishwe mimi kwenye benchi na kupewa maji, na mgonjwa mwenyewe akanishikia mkoba.

Kisha Bi Salma akamwomba baba avue viatu. Nilishangaa, kwa sababu baba hakuwa amelalamika miguu. Akainama, akakagua wayo mmoja, akahamia wa pili, akaganda hapo. Chini ya kidole gumba, pale pale anapokanyagia cherehani, palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mahindi. Baba akakitazama kama ni cha mtu mwingine. Alikuwa hajakisikia.

Kwa Ami ilianza hivyo hivyo. Baba alinitazama, mimi nikatazama ukutani.

Bi Salma alikisafisha, akakifunga, akasema hakijazama, na kwamba tumekuja mapema. Kisafishwe kila baada ya siku moja mpaka kifunge. Daktari akamwandikia vidonge na kipimo kingine cha damu wiki ijayo. Soda basi, halwa basi, mkate wa boflo apunguze. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mimi ninavyomsikiliza yeye akinirudishia vena na ateri.

Baba alipokwenda dirishani kuchukua dawa, nilibaki nyuma. Nilimwambia Bi Salma kwamba Jumamosi nna mtihani wa uuguzi, halafu nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu kwenye benchi. Mtu anayeishiwa nguvu kwa kuona namba tu, atakuwa muuguzi wa nini?

Alikuwa anaandika. Akamaliza mstari, akainua kichwa.

"Yule si mgonjwa wako, mwanangu," alisema. "Yule ni baba yako. Mgonjwa wako bado hujakutana naye."

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yaliniponya hofu. Yalinifikisha nyumbani, basi.

Jana nilifungua vitabu toka asubuhi. Nilisoma osmosisi, nikasoma tena, maji yakapita kwenye utando yakaenda yanakotaka na mimi nimebaki pale pale. Kila mlango uligeuka kuwa baba. Figo zikawa figo zake. Mishipa midogo ya macho ikawa ya macho yake. Nilipofika kwenye neva za miguuni nikafunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nikiwa pale jikoni ndipo wazo lilipokuja. Nikifaulu, chuo kiko njia ya Tunguu. Nitatoka asubuhi nirudi jioni, na baadaye nitakuwa wodini hata usiku. Nani atamwangalia baba? Nani ataona kama amekula kabla ya kidonge, nani atamtazama wayo? Nikaanza kuitengeneza sentensi ya kumwambia, kwamba nimeamua kuahirisha mpaka mwakani. Niliipanga vizuri. Sababu zote zilikuwa nzuri. Sikumwambia mtu.

Leo niliamka na ile sentensi tayari. Nikasema nitamwambia baada ya swala ya Ijumaa, tukila.

Swala ikaisha, baba hakurudi. Chakula kikapoa. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikajua kabisa kwamba kijana wa jirani aliyetoka msikiti huo huo amerudi zamani, maana nilimsikia akigombana na dada yake uwani. Nikajitupia baibui nikatoka kwa miguu mpaka Mji Mkongwe.

Duka limefungwa. Muuza viungo wa mlango wa pili hakuwa amemwona tangu asubuhi. Hapo yale niliyoyasoma yakanigeukia. Nikamwona baba ameanguka kwenye kichochoro, kidonge kimeishusha sukari kupita kiasi, jasho linamtoka, watu wanapita wanadhani mzee amejilaza kwenye baraza. Nilikwenda kona hii na kona ile, naangalia kila baraza, nasalimiana na watu bila kusikia wanachonijibu.

Nilimkuta anakuja zake, karibu na sokoni, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, anatembea polepole. Mguuni ana bandeji mpya, nyeupe. Mkononi mfuko mdogo wa dawa.

"Umekuja kufanya nini huku?" aliniuliza.

Nikamwambia simu yake haipatikani.

"Nimeizima msikitini, nikasahau. Leo ilikuwa siku ya kusafisha kidonda. Nimekwenda."

"Ungeniambia nikupeleke."

"Unipeleke kwa nini? Njia n'naijua."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kanzu itakuwa tayari Alkhamisi. Tukafuatana kurudi. Njiani akanieleza kwamba Bi Salma amemsisitiza ale kabla ya kidonge, na kwamba yeye ana njaa, na anatumaini sikupika wali peke yake. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ameshapatana na jirani wa duka atakayemfungulia mlango siku za kliniki akichelewa. Amepanga mpaka mwezi ujao. Nilitembea kando yake na sentensi yangu mdomoni, ikawa haina pa kutokea.

Nyumbani alikula, akameza kidonge, akavua kiatu akautazama wayo wa mguu usio na kidonda kwa kutumia kioo changu kidogo cha mezani. Sikumfundisha hilo. Sasa amelala chumbani, nasikia anavyokoroma.

Na mimi nimekaa hapa nikijua jambo ambalo sikutaka kulijua. Tangu jana nilikuwa najenga udhuru, nikauita kumwonea huruma baba. Sehemu yake ni mapenzi, wallahi. Lakini sehemu nyingine ni kile chumba cha mtihani, zile meza zilizopangwa, ile karatasi iliyolazwa kifudifudi ikisubiri mtu aseme geuzeni. Maradhi ya baba yalikuwa udhuru ambao hakuna mtu angenilaumu kwao. Hata yeye asingenilaumu. Angenyamaza tu akaendelea kushona.

Sasa sina udhuru.

Bado naogopa. Nikijaribu kuvitaja vyumba vya moyo kwa mpangilio, kimoja kinapotea, na kila mara si kile kile. Nimeshapiga pasi nguo, nimeweka kalamu mbili na kitambulisho kwenye mkoba, nimeufungua mkoba kuhakikisha, nimeufunga, nimeufungua tena.

Sijui kama nitafaulu. Ninachojua ni kwamba kesho saa ya kuingia, baba atakuwa dukani kwake anashona, hanisubiri mimi nimwangalie. Na mimi nitakuwa nimekaa mahali pangu, naogopa, nageuza karatasi.