Maneno Yako Niliyoyapunguza Pale Ukingoni

Baba,

Mvua zimekatika, njia ya kule kwenye magenge ya mawe imekauka. Wiki iliyopita walifika wageni wawili kutoka Mbeya wakikuulizia, yule mzee wa Itaka anayepeleka watu kuliona Ziwa Rukwa kutoka juu. Mama aliwapa togwa, akawaambia hupo. Neno lenyewe lilimshinda. Nikalisema mimi.

Mwaka umepita na ushee tangu tukuzike. Mdogo wangu Rebeka ameolewa Ihanda. Harusini Baba mdogo alikaa mahali pako, na kila alipoulizwa jambo aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba wewe ndiye utakayejibu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiwapumzisha wageni kabla ya kona ya mwisho, wanywe maji, bila kuwaambia kilichoko mbele. Wakitokeza tu, bonde lote liko chini ya miguu yao, na ziwa kule mbali linang'aa kama bati jipya. Wengine walivua kofia. Wewe ulitazama nyuso zao. "Ziwa nimeshaliona," uliniambia. "Hawa ndio sijawaona."

Baba, nimeandika haya yote ili nichelewe kufika kwenye siku ile.

Ulinichukua kwa sababu yule bwana wa Kizungu na mkewe hawakujua Kiswahili, nami nilikuwa nimejifunza Kiingereza misheni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Yule mke akapanda juu ya lile jiwe lililochomoza, apige picha. Ukaniambia, "Mwambie arudi. Jiwe limelegea. Mwambie akisogea atakufa."

Sikuwahi kumwambia Mzungu neno kama hilo. Niliogopa. Nikamwambia baba anaona ingekuwa vizuri asisogee sana. Nikaongeza na tafadhali. Akacheka, akasogea hatua moja.

Ulimfikia. Ulimsukuma kwangu, akaniangukia kifuani, tukaanguka wote wawili kwenye majani. Nilipoinuka, jiwe halikuwepo. Na wewe...

Watu wa Itaka walikutafuta huko chini mpaka kesho yake mchana, wakakupandisha kwa machela. Kisha yule bwana akaandikisha bomani kwamba kiongozi hakuwaonya. Msibani watu walinong'ona, mzee alizembea. Mama aliyasikia. Mimi niliyasikia, nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka mzima, Baba, nikila chakula alichopika.

Wageni wale wa Mbeya walipoondoka, nilimfuata Mama uani. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwambia yote. Hakuacha kupepeta. Baadaye akauliza, "Alisema atakufa? Kwa maneno hayo hayo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tutakwenda ukawaambie."

Tulitembea siku mbili mpaka bomani, yeye mbele, mimi nyuma. Karani aliandika, akanisomea. Alikuwa ameweka "ataumia". Nikamwambia baba yangu hakusema hivyo. Akanitazama, akasema maana ni ile ile. Nikasimama pale pale mezani pake mpaka akafuta na kuandika "atakufa". Nikatia alama ya gumba, ingawa najua kuandika jina langu. Hakuniuliza kama najua.

Mama hajanisamehe. Ananipakulia, ananiitikia salamu, lakini haniiti mwanangu. Sitamharakisha.

Wewe sijui kama ungekasirika. Labda ungesema nilikuwa mtoto tu mbele ya wakubwa. Sikuwa mtoto, Baba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na ulimi mzima.

Lala, Baba yangu. Bomani wameandika, lakini waliokuzika hawasomi makaratasi ya bomani. Jumapili hii, matangazo ya kanisani yakiisha, nitasimama mbele yao nieleze ulichosema na nilichosema mimi. Mama atakuwa amekaa benchi la mbele. Nakuahidi sitapunguza hata neno moja.

Binti yako,
Elina