Swali la Mhakiki wa Pili

Baba yangu shikamoo, huko uliko.

Wazee wametoka. Kila Jumapili nikija Gongoni ulikuwa unaniuliza hata kabla sijavua viatu: "Wazee wametoka?" Nakujibu bado, unatikisa kichwa, unarudi kwenye chai na matobolwa yako ya viazi vitamu. Sasa wametoka, na wanachokitaka ni wewe tu uliyekuwa nacho.

Unakumbuka nilivyokueleza siku ile nilipotuma makala yangu? Nilikwambia makala ya sheria haichapwi hivi hivi. Mhariri wa jarida anaipeleka kwa wahakiki wawili, wasomi wa fani hiyo hiyo. Wao hawajui nani kaandika, mimi sijui nani anasoma. Ukaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ni wazee wa baraza, ila wamejifunika shuka?"

"Ndiyo, baba."

"Wamekula kiapo?"

"Hapana."

"Ah! Basi hao ni watu wa kijiweni tu, mama."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wewe ulikaa miaka yote ile kama mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, pembeni ya hakimu, kila mtu anakuona. Uliyempigia kura ya kushindwa leo, kesho mnakutana sokoni mnasalimiana.

Kisha nikakupa habari mbaya. Kwa ajili ya kufichana huko, ilibidi niondoe kila kitu cha kunitambulisha. Makala yote imesimama juu ya lile shauri la mjane wa Kanyenye ulilonisimulia, lakini nilipoandika "baba yangu" nilifuta, nikaweka "Mhojiwa wa Kwanza". Ulinuna, baba, usikatae. Nikakubembeleza kwamba ikikubaliwa tu, jina lako linarudi kwenye shukrani, jina kamili, na la ukoo. Ukasema, "Haya, tuwasubiri." Tukasubiri masika, tukasubiri kiangazi. Hospitalini ulinishika mkono ukauliza swali lako lile lile, nikakujibu bado, na hilo ndilo neno la mwisho nililokwambia. Linaniuma mpaka leo.

Majibu yamekuja wiki tano baada ya kukuzika. Mhakiki wa kwanza anataka nirekebishe tanbihi. Wa pili kagusa kidonda. Anasema siku ya kwanza Mhojiwa alisimama na mashemeji wa mjane, wale waliotoka Igunga, akashikilia kwamba mila ni mila, nyumba irudi kwa ukoo. Siku ya hukumu akasimama na mjane, na kura yake ndiyo iliyomwachia yule mama nyumba. Kwa nini aligeuka? Bila sababu hiyo, anasema, hii ni hadithi, si hoja. "Mwandishi arudi kwa Mhojiwa amuulize."

Arudi kwa Mhojiwa! Nililia pale pale ofisini, mlango wazi. Na kinachonikera zaidi ni kwamba ana haki. Ulikuwa ukifika hapo unajipiga goti kofi, unasema, "Nikageuka, basi!" na sote tunacheka. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kukuuliza. Mwanasheria mzima!

Nilimwandikia mhariri kwamba Mhojiwa amefariki. Sikumwambia ni baba yangu, vidole viligoma. Akajibu kwa upole: pole sana, hata hivyo hoja ya mhakiki iko pale pale, na mwisho ni Ijumaa.

Nikamuuliza mama. "Ningejulia wapi?" akasema. "Siku ile ya hukumu nilikuwa ndani na wewe, una siku tisa."

Siku tisa, baba. Kati ya siku ya kwanza ya shauri na siku ya hukumu, nilizaliwa mimi.

Tangu hapo sina amani. Mstari mmoja tu ungetosha: Mhojiwa alieleza kuwa siku hizo alipata mtoto wa kike. Wahakiki wangeridhika, jina lako lingechapwa, na nani angenibishia? Nimeuandika mara tatu, mara tatu nimeufuta, maana hukusema. Shahidi akikuletea maneno ambayo mwenyewe hakuyasikia, ulikuwa unamkazia macho mpaka anakaa. Nikiacha pengo wataikataa, na jina lako litabaki humu kwenye kompyuta yangu. Nataka mno iwe kweli, na ndiyo maana sijiamini. Nimeshindwa, baba. Mtu ambaye ningemuuliza nifanyeje ni wewe.

Leo ni Alhamisi. Wameniagiza nirudi kwako, basi nimerudi. Nijibu hili tu, halafu upumzike salama, sitakusumbua tena. Siku ile ulipoinuka kutoa kura yako, ulikuwa unanifikiria mimi?

Binti yako