Nilimwambia Baba Tumenyamazisha Gandi

Bi. Changawa mpendwa, nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa hata sijui nianzie wapi. Mimi ni Kaltuma, Muorma wa Garsen, na huu ni mwaka wangu wa pili katika maabara moja huku Nairobi, tunachunguza vijidudu vya gandi, ule ugonjwa wa mbung'o unaomkondesha ng'ombe huku anakula mpaka anaanguka. Mwaka jana, 1998, wataalamu wa ng'ambo walieleza kwamba ukitengeneza RNA, ile kemikali inayobeba ujumbe wa jeni, ya nyuzi mbili na inayofanana na jeni fulani ya kijidudu, ukaiingiza ndani yake, jeni ile hunyamaza, yaani ipo lakini haifanyi kazi, basi na sisi tukajaribu, tukaiingiza kwa shoti ya umeme, na siku ya tatu nikatazama kwenye hadubini nikakuta vyote vimekufa, nikalia kwa furaha, na chupa ya pili sikuitazama kwa sababu nilikuwa nakimbilia basi la kwenda nyumbani likizo.

Baba yangu, Mzee Dagane, akaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia, "Baba, tumenyamazisha jeni ya gandi, vijidudu vimekufa."

Akasema, "Alhamdulillahi! Mwanangu ameua gandi."

Nikamwambia ni ndani ya chupa tu, lakini nilisema kwa sauti ndogo, maana hajawahi kunitazama vile, hata nilipofaulu mtihani.

Niliporudi kazini nikakuta mwenzangu Siyad ameandika katika kitabu cha maabara kwamba chupa ya pili, ile ya kulinganishia, tuliyoitia RNA isiyohusiana na jeni yoyote ya kijidudu, nayo ilikufa siku ileile. Siyad anasema huenda ni shoti iliyoua, mimi sijui, labda ni shoti, labda ni RNA, mkuu wetu bado hajaambiwa, na juzi dada yangu Anisa ameniandikia kwamba baba ameacha kudunga ng'ombe sindano, na ami Hiribae wa Golbanti naye ameacha, ng'ombe wawili wa baba wameshalala chini hawainuki, na baba anawaambia watu, "Tumngoje Kaltuma alete dawa." Nikisema ukweli nitamwaibisha mbele ya wazee wenzake, nikinyamaza labda jaribio lijalo litafaulu. Nifanyeje?

Kaltuma, Nairobi

Kaltuma, pole, na sasa nisikilize. Umechanganyikiwa kwa sababu umefunga mambo mawili kwa kamba moja. Kama RNA yenu inanyamazisha jeni au la, hilo hulijui, na kutojua si kosa. Lakini kwamba ng'ombe wa baba yako hawana dawa mwilini, hilo unalijua tangu barua ya Anisa ifike. Ulikuwa unangoja nini? Ulisema kwa sauti ndogo kwa sababu ulipenda asisikie. Kupenda kusifiwa na baba sikulaumu, hata mimi ningependa. Ila wanyama wanakufa, binti!

Piga simu dukani Garsen leo, aitwe baba, useme naye mwenyewe. Usimtume Anisa. Mwambie kilichokufa kilikufa ndani ya chupa, hujui kwa nini, na sindano zianze leo, kwake na kwa ami yako. Ukimaliza, mpelekee mkuu wako kile kitabu kabla hajakiomba. Rudieni jaribio kwa shoti ndogo, na muweke chupa ya tatu isiyotiwa RNA yoyote. Nayo ikifa, mtajua ni umeme.

Changawa

Wasomaji, jibu hili sikuliacha lingoje zamu yake gazetini, nilimsomea Kaltuma kwa simu. Wiki iliyofuata akaniandikia. Ng'ombe mmoja alikufa. Shoti ilikuwa kali mno, na kwa shoti ndogo vijidudu vya chupa mbili za kulinganishia vimebaki hai, vya ile iliyotiwa RNA ya jeni vimedhoofika lakini havijafa, na mkuu anataka irudiwe mara tatu.

Kuhusu baba, anasema alimpigia dukani akamweleza yote.

"Kumbe na nyinyi huko mnabahatisha?" Mzee Dagane akauliza.

"Tunajaribu, baba. Mara nyingi tunakosea."

"Haya. Yule ng'ombe mwekundu aliyelala kule nyumbani, bado anatafuna. Nimdunge yeye kwanza, au wale wanaosimama?"

"Yeye kwanza, baba."

"Basi usikate. Kaa hapo hapo unieleze kipimo."