Baba Mudogo Aliyeomba Kufungwa

Wamaza, Kabambare
Tarehe 9, mwezi wa saba, 1954

Mupendwa mudogo wangu Musafiri,

Salamu nyingi zikufikie wewe, bibi yako na watoto wote. Kwanza uniambie hali. Ule muguu wako uliovimba juu ya kupakua mizigo ya meli umepona? Bibi yako angali na homa? Na mutoto mudogo, meno yametoka? Mimi ni mutu wa kuuliza mengi, unanijua, na ndugu akikaa mbali maulizo yanazidi.

Sisi huku tuko wazima. Mama iko, anakohoa kidogo asubuhi kwa baridi hii ya kiangazi, lakini akisikia harufu ya mboga ya sombe anasahau kikohozi. Mutoto wangu Apolline macho yake yamepona. Nilimupeleka Kasongo kwa masista, wakamutia dawa, na sasa anaona hata sukari niliyoificha. Mume wangu Grégoire amevuna mupunga mwingi mwaka huu. Basi, salamu zimetosha. Sasa nitakugombeza kidogo, kisha nikupe furaha.

Barua yako ilitufikia kwa mukono wa François, yule anayeleta samaki wadogo wa ndakala kutoka ziwani. Ulieleza kwamba konsula wa Wabeleji wa Kigoma, yule anayeangalia watu wa Kongo walioko kwa Waingereza, alikuja Ujiji siku ya soko, akaweka meza yake, akaita watu wetu wote. Asiye na karatasi aje. Mwenye mutoto ambaye hajaandikwa aje. Anayetaka kurudi kwao aje. Ukaenda. Akaandika ndoa yako, akamwandika mutoto wako mudogo, halafu akatuma neno Kabambare kuuliza kama unajulikana kwenu, maana bila jibu hawezi kukupa ruhusa ya kuvuka ziwa na jamaa yako mpaka Albertville.

Kisha jibu likamurudia: Wamaza hakuna mutu anayekujua. Hata mama yako amesema hakuzaa mutoto mwanaume.

Ukatuandikia, "Mukataa kwao ni mutumwa. Na yule anayekataliwa na kwao tumwite nani? Mwambieni mama sitamusumbua tena." Musafiri, maneno yale niliyasoma mara mbili. Nilikuwa na hasira na watu wetu, nikawa na hasira na wewe pia, na mimi siku ya jambo lenyewe sikuwa hata hapa, nilikuwa Kasongo na macho ya Apolline. Lakini nimeuliza kila mutu, na sasa najua namna ilivyokuwa. Usome mpaka mwisho kabla ya kununa tena.

Askari alitoka poste ya Kabambare, boma la serikali, akawakuta watu wote wakipiga mupunga. Hakusalimu. Alisimama katikati akauliza, "Nani anamujua Musafiri, mutoto wa marehemu Kalonda? Leta inamutaka." Ni hayo tu. Hakusema konsula, hakusema meli, hakusema habari ya kurudi kwako.

Wewe umekaa kwa Waingereza mpaka umesahau neno hilo, Leta, serikali ya Wabeleji, kumutaka mutu, huku linaleta nini? Mume wa Régina, jirani yetu, Leta ilimutaka. Akaenda kulima barabara, akarudi akitema damu. Wengine walitakwa juu ya pamba, wakala fimbo mbele ya wake zao. Tangu tuko watoto tunafundishwa: Leta ikiuliza jina la mutu wako, jibu ni moja.

Baba mudogo Bulaimu akajibu wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mukubwa wa jamaa tangu baba alipokufa. Akaapa kwamba hapa Wamaza hajazaliwa mutu wa jina hilo. Majirani wakaitikia. Régina akaongeza kwamba jina lenyewe ndiyo mara ya kwanza analisikia, yeye ambaye ulimupasulia mutungi ukiwa mutoto na mpaka leo anaudai. Askari akamugeukia mama. Mama akaweka ungo chini, akasema Mungu alimupa wasichana tu, na anamushukuru.

Askari akaenda zake. Na unajua walifanya nini? Walichinja kuku. Mama alilia kwa furaha kwamba Leta imekutafuta na haikukupata. Walikula kuku wa kukuokoa, ndugu yangu, na wewe uko Ujiji unangojea jibu.

Basi ilipofika barua yako niliwaita wote barazani kwa baba mudogo, nikaisoma. Nilipofika pale pa konsula, mama alishika kichwa. Akasema, "Kumbe nimemufungia mutoto wangu mulango kwa mukono wangu mwenyewe." Kisha nikasoma lile neno lako la mwisho, kwamba mutoto uliyemwandikisha kwa konsula umemupa jina la Bulaimu, ili baba yako mudogo asipotee Ujiji. Na sasa Bulaimu mwenyewe anasema hakujui.

Baba mudogo aliomba nirudie. Nikarudia. Aliinuka, akaingia nyumbani, hatukumuona tena siku hiyo. Asubuhi tulimukuta amevaa kanzu yake ya Idi, amesimama njiani na fimbo yake, anatugombeza kwamba tunachelewa. Yeye ambaye tangu alipopigwa juu ya pamba alisema poste ataiona akiwa maiti.

Tulikwenda wengi: mama, mimi na Grégoire, Régina, na majirani wote walioapa. Mama alikataa kubebwa. Njiani alikuwa anasema peke yake, na nilipomukaribia nikasikia anahesabu majina yetu sote tuliotoka tumboni mwake, na kila mara anaanza na wewe.

Bwana Administrateri, Mubeleji mukubwa wa poste, alitusikiliza akiwa amesimama. Halafu akatuambia jibu limekwisha kwenda Kigoma, na Leta haisemi maneno mawili. "Juzi hamumujui, leo munamujua, na wote kwa sauti moja. Huyo mutu wa Ujiji amewaahidi nini?" Nikaona mambo yanaharibika. Tulipozidi kusema tunakujua, yeye alizidi kutuona waongo. Régina akaanza kueleza habari ya mutungi, akaambiwa anyamaze. Mama akaanza kulia, na kule machozi hayafungui kitu. Karani alikuwa amekwisha kutuonyesha mulango.

Hapo baba mudogo akavua kofia. Alisema polepole, kama anagawanya nyama. "Bwana, mimi ndiye nilimwambia askari wako simujui mutoto wa ndugu yangu. Kama neno lile ni kweli, kwa nini umetukasirikia? Utushukuru, twende. Na kama ni uongo, nimedanganya Leta, na kila mutu hapa anajua anayedanganya Leta anaingia buloko. Basi uniingize. Lakini ukiniingiza, andika ni juu ya nini."

Bwana Administrateri alimutazama sana. Akamuuliza kama amesikia vizuri anachoomba. Baba mudogo akajibu amesikia, na kwamba akirudi Wamaza bila kufungwa itakuwa Leta imekubali kwamba yeye si baba yako, na hiyo hawezi kuibeba.

Mama naye akapanguza macho, akasimama karibu yake. Akasema kama ni habari ya uongo, wake ni mukubwa zaidi, yeye alikana mutoto wa tumbo, basi aanze yeye kufungwa. Baba mudogo akamwambia asimuingilie. Wakaanza kugombana pale mbele ya Bwana nani amedanganya kumupita mwenzake. Régina akasema yeye pia. Majirani wakasema na wao. Karani alikuwa anaandika na mabega yanatikisika. Mwisho Bwana Administrateri akapiga meza, akasema buloko yake ni ndogo, atachukua mumoja, na ni huyu mwenye kanzu.

Kisha akamwita karani, na mbele yetu sote akaandikisha, nami nafahamu Kifaransa kidogo cha misioni: kwamba Bulaimu wa Wamaza amefungwa kwa kuwa alikana kwa uongo kwamba Musafiri, mutoto wa Kalonda, ni mutoto wa ndugu yake. Baba mudogo akaomba nimusomee kwa Kiswahili. Nikamusomea. Akasema, "Hiyo ndiyo." Akamupa mama kofia yake, akatangulia askari kuingia, si kwamba askari alimupeleka.

Ndugu yangu, sijaona mufungwa wa namna ile. Kila asubuhi alifyeka majani ya poste pamoja na wezi, na kila jioni tulimupelekea chakula, bukari na sombe. Alituambia mule ndani kila mutu anasema ameonewa, yeye peke yake ndiye anasema amestahili, na wote wanamuheshimu. Alimueleza kila mupita njia sababu ya kifungo chake. Watu wa Salamabila waliopita kwenda machimboni walibeba habari, na sasa kule wanakujua kuliko sisi.

Siku aliyotoka, wanawake walikuja mpaka kutoka Lusangi. Walimupokea na vigelegele, wakamupaka unga kichwani kama mutu aliyezaa, wakaimba njia yote. Alikataa baiskeli ya Grégoire. Alitembea mbele na ile kanzu iliyochafuka, na alitukataza kuifua. Ameitundika ukutani jinsi ilivyo, na majani yangali yamenasa chini. Anasema utaikuta.

Na sasa furaha yenyewe. Juzi Bwana Administrateri alituma neno kwamba konsula amejibu kwa telegramu. Amepokea ile karatasi ya kifungo aliyotumiwa na Bwana, amekubali, umeandikwa kuwa mutu wa Wamaza, na ruhusa yako na ya bibi yako na ya watoto iko tayari Kigoma. Tumeshinda, Musafiri. Mama alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Mimi nilicheka na kulia, sikujua ninafanya lipi.

Basi kama barua hii inakukuta bado umenuna, acha. Usingoje kuitwa. Siku konsula anapokuja tena Ujiji, ufike mapema, uvae vizuri, umwambie aksanti yetu. François anasema watoto wasiochanjwa ndui hawapandi meli, na kwamba konsula huwachanjisha bure, basi usiwafiche kwa sababu wanalia. Anasema pia kwamba mutu mugonjwa konsula humutafutia nafasi ya kulala melini, kwa hiyo utaje muguu wako, usijifanye kijana.

Tena uniwie radhi, nitakupa mizigo ya watu. Tangu tuliposhinda, kila jioni kuna mutu mulangoni kwangu anayetaka kutumwa kwa konsula. Régina ana kaka yake Roger aliyekwenda Tabora na reli, hawajasikia habari yake miaka mingi. Umuulize konsula kama hawezi kumutafuta pia. Muzee Marguerite wa kisimani anataka kujua mume wake amezikwa wapi huko Kigoma, na kama konsula ndiye anayetunza vitu vya waliokufa. Anataka kofia yake tu. Uwaulizie. Waliapa kwa ajili yako, wakaapa tena upande wa pili.

Jambo moja la kukuchekesha. Wiki iliyopita askari yuleyule alirudi, akasimama palepale, akauliza nani anamujua Gaston. Kabla hajamaliza, muji muzima ulijibu, "Tunamujua, ni wetu, tulimuzaa hapa." Hata watoto. Maskini Gaston alikuwa hajalima pamba yake, amejificha nyuma ya ghala. Sasa anafyeka majani kule poste, na hatusalimii.

Mama anasema atakufa, lakini si mwaka huu, kwa hiyo usitumie kifo chake kujihimiza. Uje kwa sababu nyumba yako imekwisha kujengwa. Grégoire na majirani wamesimamisha miti, mimi na Régina tumekandika udongo, na mulango baba mudogo ameuchonga mwenyewe. Hakuweka kufuli.

Anasema siku mutakayofika atakaa pale njia ya Kabambare inapoingia mujini, yeye na kiti chake, ili askari au mugeni au mutu yeyote akiuliza wale wanaokuja ni nani, ajibu yeye kabla ya mwingine. Na mutoto Bulaimu umupe mikononi mwake kabla hujamusalimu mutu. Anataka kumuuliza mwenyewe kama anamujua.

Salamu kwako kutoka kwa mama, baba mudogo, Grégoire, Apolline, Régina na muzee Marguerite. Umusalimie bibi yako sana, umwambie asiogope Wamaza, kelele nyingi lakini chakula iko. Mungu awatulizie ziwa siku ya kuvuka, awalinde njia yote kutoka Albertville, na atuonyeshe nyuso zenu.

Ni mimi yaya, dada yako mukubwa akupendaye, na akujuaye,

Julienne